Hata kwa Zohali Kuna Laga

Wewe uliye Bulla Iftin hapa Garissa, wewe uliye Madogo ng'ambo ya daraja, na wewe uliye ndani ya basi la Wajir ambaye dereva amekufungulia redio hadi masikio yanauma, karibuni nyote. Nimeitwa nizungumzie hali ya hewa, na swali lililo mdomoni mwako nalijua. Mvua lini? Hilo waulize wenyewe, watu wa utabiri. Kazi yao ni ngumu na lawama wanazopata zinawatosha. Mimi leo nazungumzia hali ya hewa ya mahali pasipo na mtu wa kuilalamikia. Nazungumzia sayari.

Habari yenyewe ilianzia kwenye mkeka. Ilikuwa Jilaal, kiangazi chetu, mwezi wa pili, zile siku ambazo ukuta wa nyumba hutoa joto hadi saa sita za usiku. Stima ilikuwa imepotea, feni imenyamaza, na mtaa mzima ulikuwa umehamia nje. Abti wangu alikuwa amekuja kutoka upande wa Habaswein kuuza ngamia, amejinyoosha chali, kikombe cha chai ya maziwa kando yake, anaangalia magharibi. Zuhura ilikuwa imening'inia juu ya miti ya mathenge, kubwa, nyeupe, haipepesi.

“Abti, unaijua ile?”

“Zuhura, abti.”

Kwa asiyejua: mjomba wa Kisomali akikuita abti, nawe humwiti vingine. Ni abti kwa abti, na mgeni anayesikiliza hubaki hajui mkubwa ni nani.

Abti wangu akacheka. Kwao, akasema, wazee waliiita Waxaraxir, nyota ya kufungia vitoto vya mbuzi, maana ikionekana jioni ndipo vitoto hutengwa na mama zao. Ukisahau, asubuhi huna maziwa. Kisha akauliza lile swali lililonileta hapa studio. “Mnasema ile ni dunia kama hii. Sasa huko nako kuna Jilaal?”

“Abti,” nikamwambia, “huko hakuna kingine.”

Chini, kwenye ardhi ya Zuhura, joto hupita digrii 450. Mchana hivyo, usiku hivyo, kwenye ikweta hivyo na kwenye ncha hivyo hivyo. Kipande cha risasi ukikiweka juu ya jiwe kitayeyuka kama samli. Hewa yake ni nzito kama mara 90 ya hii tunayovuta; kusimama pale ni sawa na kuzamishwa baharini mita 900 kwenda chini. Mawingu hayana habari na maji kama tuyajuavyo. Ni asidi ya salfa, ile ile anayoishika fundi wa betri huku akikufukuza usisogee na kanzu yako. Na mawingu hayo hunyesha, ila mvua haifiki chini. Joto huikausha ingali njiani.

Hapo abti aliinua kichwa. Mvua inayonyesha isifike chini? Hiyo anaijua. Nawe msikilizaji unaijua. Unaona wingu upande wa Dadaab limeshusha ndevu, michirizi unaiona kwa macho yako, unangoja harufu ya udongo, unatoa ndoo nje. Hakuna kitu. Wingu linapita na ndevu zake.

Wasovieti walikishusha huko chombo chao Venera 13 tarehe 1 Machi 1982. Kiliundwa kivumilie kama nusu saa. Kikavumilia dakika 127, kikapiga picha za mawe bapa chini ya anga ya rangi ya chungwa, kikanyamaza. Dakika 127 kwa basi ukitoka hapa, Mwingi hujafika.

Watu wengi hudhani Zuhura ina moto kwa sababu iko karibu na jua. Sivyo. Utaridi iko karibu zaidi na haiifikii kwa joto. Utaridi haina hewa ya maana, kwa hiyo usiku wake unateremka hadi kama digrii 180 chini ya sifuri. Siri ya Zuhura ni gesi ya kabonidayoksaidi, sehemu 96 katika kila mia ya hewa yake. Mwanga wa jua hupenya ndani, joto linalotoka ardhini hunaswa. Fikiria gari lililoachwa vioo vimefungwa pale Soko Mugdi saa saba mchana. Jua la nje na la ndani ni moja, lakini mtie mtoto ndani ya gari hilo uone kama hujaitiwa polisi. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayotoka kwenye bomba la lori na kwenye tanuri la makaa. Mmarekani James Hansen, aliyeliambia Bunge la kwao mwaka 1988 kwamba dunia imeanza kupata joto kwa ajili ya gesi hizi, aliingia katika elimu hii kwa kusoma mawingu ya Zuhura. Alitazama nyumba ya jirani ikiungua, akageuka kuangalia paa lake.

Nimesema Utaridi, na najua kuna mwanafunzi mahali fulani anamtazama dada yake, maana kitabu chao kinasema Zebaki. Haya majina ni vurugu. Mimi niliimbishwa shuleni kwamba Sarateni na Kausi ni sayari, nikaimba. Nilipokua nikagundua ni buruji, yaani kaa na upinde, majina ya mafungu ya nyota ambayo wanajimu wameyatumia karne na karne. Sijui yalipandaje gari la sayari. Kwenye mtihani andika la kitabu; nje ya mtihani tutaongea.

Tuache moto, twende kwenye vumbi.

Januari 2004 kigari cha Wamarekani kiitwacho Opportunity kilitua Mirihi, mahali palipo kama digrii mbili kusini ya ikweta ya huko. Kwa ramani yetu ni kama umetoka Garissa, umepita Masalani, na Lamu hujaiona. Kilipangiwa siku 90. Kilitembea miaka 14 na zaidi, kikila jua kwa paneli zilizokuwa mgongoni mwake.

Mwenye sola juu ya mabati hapa mjini ameshaelewa shida ya kigari hicho kabla sijaitaja. Msimu wa Hagaa, upepo ukivuma kutwa, jioni taa inawaka nyekundu kama sigara. Unapanda ngazi na kitambaa, unafuta, unashuka na uso wa rangi ya udongo. Kule nani apande ngazi? Jibu lilikuja lenyewe. Asubuhi moja wahandisi waliona umeme umeongezeka ghafla. Paneli zimepanguswa. Aliyezipangusa ni upepo, na pamoja nao visulisuli, hivi hivi tunavyoviona vikizunguka kwenye uwanja mtupu saa nane mchana, watoto wakivikimbia huku wakipiga bismillahi. Ardhi inapata moto, hewa ya chini inapanda, inajisokota, inabeba vumbi. Kanuni ni ile ile, hapa na Mirihi. Tofauti ni kimo: mwaka 2012 kilipigwa picha kisulisuli cha Mirihi kilichopanda kilomita 20 kwenda juu. Mlima Kenya haufiki hata theluthi yake.

Usitishike sana na upepo wenyewe, lakini. Hewa ya Mirihi haifiki sehemu moja katika mia ya hewa yetu kwa uzito. Dhoruba inayokimbia kilomita 100 kwa saa ingekupapasa tu kama ncha ya shuka. Kinachoua huko ni kiza. Vumbi ni laini kama poda, likipanda linakaa juu kwa majuma, na mwaka 2018 liliifunika sayari yote, mashariki hadi magharibi. Tarehe 10 Juni mwaka huo Opportunity ilituma habari zake za mwisho. Waliiita miezi minane. Februari 2019 wakatangaza kwamba kazi imekwisha. Safari hii hakikuja kisulisuli cha kuiokoa, au kilikuja kikaikuta imekwisha kuzimika.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, hapa kwetu, kituo kikubwa cha sola cha Garissa kilifunguliwa rasmi, paneli zaidi ya laki mbili zimelalia jua. Kila nikipita pale siachi kukifikiria kile kigari. Zetu zina bahati, zina watu.

Lakini mimi ni mtu wa redio, na kilichonishika zaidi ni sauti. Tarehe 27 Septemba 2021 kigari kingine, Perseverance, kilikuwa kimefungua maikrofoni yake pale kisulisuli kilipokipita juu kabisa. Nimeisikiliza rekodi hiyo. Unasikia upepo unaingia, chembe za mchanga zinagonga, tik, tik, kama mchele kwenye sinia. Halafu kimya. Halafu upepo tena, na mwisho. Kile kimya cha katikati ndilo tundu la kisulisuli, pale pasipovuma. Tumewahi kurusha matangazo ya harusi yenye sauti mbaya kuliko ile.

Sasa nikuulize. Ikweta inapita karibu na mji huu, kaskazini kidogo tu. Chukua ramani ya dunia, fuata mstari huo kwa kidole. Kongo: msitu. Sumatra: msitu. Amazon: msitu. Ikweta ni mahali pa mvua, watoto hufundishwa hivyo darasani, na watoto wa Garissa huandika hivyo huku nje mbuzi wanakula katoni. Sisi tumekosea wapi?

Jibu moja liko juu ya kichwa chako. Wakati wa Hagaa, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, kuna mto wa upepo unaotoka kusini mwa Bahari ya Hindi, unapita kaskazini ya Madagaska na kuja kugonga Afrika Mashariki. Unataka kwenda magharibi. Milima ya bara inaukatalia. Basi unajibana, unapinda, unaambaa mashariki mwa Kenya kama kilomita moja na nusu hivi juu ya ardhi, unavuka ikweta, unapita Somalia na kukata bahari hadi India. Mtaalamu wa Kiingereza, John Findlater, aliandika habari zake mwaka 1966 na tena 1969, na hadi leo katika vitabu una jina lake. Umejaa maji upepo huo. Ila unakwenda mbio na unakwenda sambamba, haupandi juu, na upepo usiopanda haufanyi mvua. Unatupita. Masika ya India, ile mvua inayojaza mashamba ya mpunga huko, sehemu yake imepita juu ya mikeka yetu usiku tukiwa tumelala.

Abti alipolisikia hili alisema neno ambalo siwezi kulirudia hewani.

Mushtarii ni sayari iliyotengenezwa kwa pepo za namna hiyo. Ile mistari unayoiona kwenye picha zake, myeupe na ya hudhurungi, ni mikanda ya mawingu, na kwenye mipaka yake kunakimbia mito ya upepo ya kilomita mamia kwa saa, mmoja ukielekea mashariki, wa jirani yake magharibi. Kule hakuna mlima wa kuukatalia upepo. Hakuna hata ardhi. Upepo ukianza safari unaizunguka sayari nzima na kurudi ulikotoka. Kimbunga cha bahari yetu kikigusa nchi kavu hufa, kwa sababu chakula chake ni maji ya moto. Cha Mushtarii, lile Doa Jekundu, kimetazamwa tangu karne ya 19 bila kukatika, na ni kipana kuliko dunia yote tuliyomo. Kinapungua, wanasema. Hakina haraka.

Uranus nitaitaja kwa sentensi mbili tu kwa sababu ya wale wanaodhani Jilaal yetu ni ndefu. Imelala ubavu, inazunguka jua kwa miaka 84, na kila msimu wake unachukua miaka 21.

Sasa tufike ninapotaka tufike. Zohali, yenye pete, ina miezi mingi, na mkubwa wao ni Titani, mpana kuliko Utaridi. Huu ndio mwezi pekee tunaoujua wenye hewa nzito, nzito kuliko ya kwetu, na nje ya dunia hii ndio mahali pekee tunapojua mvua hunyesha ikafika chini, ikatiririka, ikafanya mito na maziwa. Joto lake ni digrii 179 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo maji ni jiwe, jiwe hasa, unaweza kulijengea. Kinachonyesha ni methani, gesi ile inayotoka kwenye samadi iliyooza na kuwashiwa jiko. Huko imekuwa kimiminika. Na kwa kuwa mvutano wa Titani ni mdogo na hewa yake nene, matone huwa makubwa, hufika upana wa sentimita moja, na huanguka polepole kama theluji. Ungeliona tone linakuja, ukaenda ndani kutafuta kikombe, ukarudi, ukalikuta bado liko njiani.

Na mvua hiyo hainyeshi kila mahali sawasawa. Maziwa ya Titani yako kwenye ncha. Kwenye ikweta yake kuna jangwa: matuta ya mchanga mweusi yanayokwenda mamia ya kilomita, ambayo rada ya chombo cha Cassini iliyaona. Ikweta kavu, msikilizaji! Kuna mahali pengine penye ikweta kavu. Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kama mtu aliyekutana na jirani yake wa Garissa mjini Makka.

Tena misimu yao inafuata desturi yetu. Misimu yetu ya mvua, Gu na Deyr, huja kwa sababu jua huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata kwa nyuma. Titani nayo ni hivyo. Ila Zohali huchukua zaidi ya miaka 29 kulizunguka jua, kwa hiyo kutoka Gu moja hadi Deyr yake ni kama miaka 15. Jua lilivuka ikweta ya huko Agosti 2009. Mwaka uliofuata, karibu na mwisho wa Septemba 2010, Cassini iliona wingu kubwa la dhoruba juu ya jangwa lile, na baada yake ardhi ikageuka nyeusi, eneo linalokaribia Kenya nzima kwa ukubwa. Wataalamu wanasema ililowa. Baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa ikarudia rangi yake. Imekauka.

Hapa mtu wa Nairobi atasema, ajabu. Mtu wa hapa atasema, kwani nini? Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 tulikosa mvua misimu mitano mfululizo. Uliipita barabara ya Wajir ukahesabu mizoga hadi ukachoka kuhesabu. Halafu Deyr ya 2023 ikaja na deni lote kwa siku moja: Tana ikavunja kingo, barabara ya Madogo ikawa ziwa, na watu wakavushwa kwa mashua pale ambapo mwaka mmoja kabla walikuwa wakiuza maji kwa mtungi. Mvua ya nchi kavu haiji kidogo kidogo. Ndiyo maana tuna laga. Laga si mto, ni kumbukumbu ya mto. Kavu miezi kumi, mchanga mweupe mzuri wa kulalia, na siku inapoteremka huwa wingu hata hulioni, limenyesha Marsabit au Ethiopia huko. Mtoto wa huku hufundishwa kabla ya alifu na be: usilale lagani.

Basi usiku ule wa mkeka nikamsimulia abti kwamba tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Wazungu wa Ulaya, Huygens, kilichobebwa na Cassini miaka saba, kiliteremka Titani kwa parachuti, saa mbili na nusu ndani ya ukungu wa rangi ya chungwa. Kilikuwa kama digrii kumi kusini ya ikweta, sawa na Mtwara kwa ramani yetu. Kikiwa bado juu kilipiga picha za vilima vilivyochorwa mifereji, midogo ikiingia katika mikubwa, mikubwa ikiteremkia uwandani. Kilipotua kikapiga moja zaidi, na hiyo nilikuwa nayo kwenye simu. Uwanja tambarare, na juu yake mawe. Ni mawe ya barafu, lakini ni ya mviringo, kingo zimelika, kama yaliyosukumwa na kugongana mara nyingi.

Abti akaichukua simu, akaishika mbali na macho, kisha karibu. Akaikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha.

“Haya mawe yamebebwa na maji.”

“Si maji, abti, lakini yamebebwa.”

“Hii ni laga.”

“Ndiyo.”

“Na hicho chombo chao kilishuka humu ndani?”

“Humo humo.”

Akanirudishia simu, akatikisa kichwa. “Hawakuwa na mzee wa kuuliza?”

Nikamwambia wana mpango mwingine. Wamarekani wanatarajia mwaka 2028 kurusha chombo kiitwacho Dragonfly, helikopta isiyo na mtu, ifike Titani mwaka 2034 na kuruka kutoka mahali hadi mahali kwenye lile jangwa la ikweta. Jua lilivuka tena ikweta ya huko Mei 2025, kwa hiyo msimu wenyewe ndio huu. Kama kuna mvua ya kunyesha, itaanza kabla chombo hakijafika.

Akafikiri kidogo. Zuhura ilikuwa imekwisha zama nyuma ya mathenge, na stima ilikuwa haijarudi.

“Waandikie,” akasema. “Kilale juu ya tuta.”